Mtoto Aliyejibu "Haiko"

Mimi ni mtu wa hasira, nisikufiche. Nilizaliwa nayo kule Mvara, Arua, huku Uganda, nikaenda nayo chuo cha ualimu, na nilipopangiwa shule ya msingi Kuluba, wilaya ya Koboko, nikaipakia kwenye bodaboda pamoja na godoro langu. Watoto hawakumaliza hata wiki mbili kabla ya kunipachika jina la upupu, ule mmea unaowasha. Walidhani sijui. Mwalimu anajua majina yote anayoitwa, ila anachagua lini asikie.

Nilipewa darasa la tatu. Watoto tisini, madawati kumi na nane, watano watano kwa kila dawati, bega kwa bega. Walikuwamo Wakakwa na Walugbara, walikuwamo waliovuka kutoka Kongo na waliovuka kutoka Sudan Kusini. Mtoto akishindwa kunielewa kwa lugha moja nilijaribu ya pili, na mwisho tulikutana sote kwenye Kiswahili. Si kile cha vitabuni, la. Kiswahili chetu cha huku, ambacho babu yangu alikileta nyumbani kutoka jeshini, na ambacho Mswahili wa pwani akikisikia atashika kichwa. Ndani yake neno moja linabeba mizigo yote: iko. Chakula iko. Mvua iko. Mwalimu iko? Iko. Asubuhi nikiita majina, mtoto hasemi "nipo" wala "abee." Anasema "iko," nami naweka alama kwenye rejista na kupita kwa anayefuata, bila kuinua macho.

Mwaka juzi mwalimu wetu mkuu, mama mmoja mkimya mwenye miwani, alirudi kutoka semina mjini Arua akiwa na maneno mapya. Akatukusanya chini ya bati la ofisi akasema kwamba kuanzia sasa tutalea hata mioyo ya watoto, kila siku, ndani ya kazi zetu za kawaida, tusingoje mtoto avunjike ndipo tumtafute.

"Moyo?" nikasema. "Kitabu kimoja cha hesabu wanagawana watoto watano, sasa tuongeze na moyo?"

Wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Akatupa kila mmoja karatasi yenye nyuso nne: ya furaha, ya huzuni, ya hasira na ya woga. Mtoto akiingia asubuhi aguse uso wa siku yake. Nikaibandika ukutani kwa shingo upande. Siku ya kwanza watoto tisini wakagusa uso unaocheka. Siku ya pili vilevile. Wiki nzima tukawa darasa lenye furaha kuliko yote Koboko! Ijumaa mmoja akaniuliza, "Madamu, tumepata?" Ndipo nikaelewa kwamba walidhani ni mtihani, na ule uso unaocheka ndio jibu sahihi. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikaibandua ile karatasi.

Mwalimu mkuu nilipomweleza hakukasirika. Alisema tu, "Basi unapoita majina, ita polepole. Mtazame kila mmoja usoni anapojibu. Hata hiyo peke yake inatosha." Nikasema ndiyo, Madamu. Nikaendelea kuita nikiwa nimeinamia rejista, maana majina tisini si mchezo na kengele haimngoji mtu.

Muhula wa pili akaletwa msichana mpya. Alikuwa na miaka tisa hivi, mwembamba, na sare imefupishwa pindo kwa uzi wa rangi nyingine. Aliletwa na shangazi yake, mwanamke anayeuza mukene, wale samaki wadogo wakavu, katika soko la Koboko. Shangazi alinipa ripoti ya shule moja ya Inde, kusini ya Arua. "Alikuwa anasoma kule," akasema. "Sasa sisi nahamia huku." Ripoti ilikuwa safi, alama si mbaya. Nikalinakili jina kwenye rejista, nikamwonyesha mtoto nafasi ya mmoja aliyehama.

Kesho yake nikaita majina. Nilipofika kwake, kimya. Nikaita tena. Nikainua macho, naye alikuwa ananitazama moja kwa moja.

"Haiko," akasema.

Darasa likapasuka kwa kicheko.

"Ala! Nani haiko? Si wewe huyu nakuona?"

"Haiko, Madamu."

Alisema kwa adabu kabisa, na ile adabu ndiyo iliyoniwasha zaidi. Nikamwambia asimame. Akasimama. Nikaita tena. "Haiko." Nikamwambia akae, nikaendelea na somo. Akatoa penseli, akaandika kila kitu nilichoandika ubaoni, hesabu zake akapata zote.

Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na ya tatu. Fimbo imekatazwa shuleni, lakini ulimi haujakatazwa, na wangu una miiba. Nilimwuliza kama ni kivuli chake kinachokuja shuleni. Nilimwuliza kama kule Inde walifundishwa ujeuri kabla ya kusoma. Wenzake siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili walicheka kidogo. Siku ya tatu hakuna aliyecheka, nami badala ya kujiuliza kwa nini, nikaona wameungana naye kunidharau. Nikachukua kalamu. "Sawa. Unasema haiko? Mimi naandika haiko." Na nikaandika, mbele ya jina la mtoto aliyekuwa hatua tatu kutoka mezani kwangu, kwamba leo hakuja shule. Hasira hasara, wahenga walisema, nadhani walikuwa wananijua.

Niliandika hivyo siku kumi na tisa.

Na lile dawati lake nalo likaanza kunichosha. Wanakaa watano, lakini wanne walijibana upande mmoja hadi wa mwisho akaning'inia nusu tako nje, na kati yao na yule mgeni wakaacha pengo, upana wa mtoto mmoja. "Sogeeni!" nikafoka. "Mnamwachia nani nafasi, Yesu?" Walisogea. Nikigeukia ubao, nikirudi, pengo lilikuwa limefunguka tena. Nilidhani wanamtenga mwenzao. Kwa hilo pia niliwagombeza.

Mwisho wa mwezi mwalimu mkuu akakusanya rejista, akaniita ofisini. Kidole chake kilikuwa juu ya mstari wa yule mgeni.

"Mtoto huyu hajaonekana siku kumi na tisa. Iko watoto wengi nje wanangoja nafasi. Ijumaa nitamfuta."

Ningesema nini? Kwamba mtoto yuko darasani sasa hivi, amekaa, anaandika, na mimi mtu mzima ndiye niliyemwondoa kwa kinyongo? Ilikuwa Jumatano. Nilitoka pale, na kusema kweli, wakati ule sikumwogopea mtoto. Niliogopea kazi yangu.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Mgeni alikuwa amekwenda kisimani na dumu la plastiki, zamu yake. Nikamkuta jirani yake wa dawati, msichana wa Kikakwa mwenye pengo la meno mawili ya mbele, akifagia. Nikamwambia, "Mwambie mwenzako aache ujeuri. Ijumaa anafutwa shule."

Ufagio ukasimama. "Madamu, yeye si jeuri. Wewe naita dada yake."

"Dada yake nani?"

"Dada alikufa. Ile jina ni ya dada. Ile nguo pia ni ya dada." Akaelekeza ufagio kwenye dawati. "Na ile nafasi, sisi naachia dada."

Nikamwuliza wamejua tangu lini. Tangu siku ya pili, akasema, na darasa lote linajua. Nikamwuliza mbona hawakuniambia. Akanitazama kwa huruma, naam, huruma, mtoto wa miaka minane.

"Wewe hukuuliza, Madamu. Wewe uligomba tu."

Nikakaa. Nilikaa palepale kwenye dawati lao, kisha nikashtuka, nikajisogeza upesi, maana nilikuwa nimekalia lile pengo. Watoto hawa hawana nafasi ya kuweka kiwiko. Wanagombania kipande cha ubao, wanagombania penseli fupi kama kidole. Na mtoto wasiyemjua hata sura walimtafutia mahali pa kukaa, bila semina, bila kuambiwa na mtu mzima yeyote, huku mtu mzima wao akiwafokea wasogee. Niliingiwa na hofu. Siyo ya kazi tena. Ile hofu inayomfanya mtu avue viatu mahali patakatifu.

Mgeni akarudi na maji. Nikamwita karibu, nikamwuliza taratibu, kwa mara ya kwanza, kwa nini hakuniambia jina lake mwenyewe.

"Aunti alikataza."

"Basi kama unamtii aunti, mbona hukujibu 'iko' kama alivyokuambia?"

Aliweka maji chini kwanza. Kisha akasema, "Madamu, nikisema yeye iko, mimi niko wapi?"



Jioni nilimfuata shangazi sokoni. Nilikwenda na maneno makali tayari kinywani, maana tabia haifi siku moja. Aliponiona tu akajua. Akaendelea kupima mukene kwa kikombe.

"Madamu, usinigombeze. Yule mukubwa nililea mimi mwenyewe, kule Inde. Malaria ikamuchukua siku tatu, likizo. Huyu mudogo nikatoa kwa mama yake Kongo, hana karatasi hata moja. Bila karatasi watamuweka darasa la kwanza na watoto wa kunyonya, ama watamurudisha. Mimi naangalia nyumbani. Nguo iko. Ripoti iko. Jina iko. Mutu tu ndiyo haiko. Ningetupa?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maneno yangu makali yakayeyuka kinywani. Nikakaa naye kwenye gunia, tukafukuza nzi pamoja. Akaniambia kwamba tangu mazishi hajalitamka lile jina nyumbani hata mara moja, kwa sababu akilitaja anashindwa hata kuwasha moto. Mtoto naye huitwa "wewe" tu. Wewe, leta maji. Wewe, kuja kula. Nikamwomba aniambie jina la kweli la mtoto. Akaninong'oneza, kisha akafunika uso kwa khanga. Sitaliandika hapa. Jina moja la familia hii limeshaazimwa, inatosha.

Ijumaa asubuhi niliingia ofisini kabla ya kuitwa, nikaeleza yote: ripoti, dada, shangazi, na zile siku kumi na tisa. Sikujipunguzia. Mwalimu mkuu alivua miwani akaiweka juu ya rejista.

"Mimi nilikuwa nataka kumfuta leo," akasema. "Wewe umemfuta kabla yangu."

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na yeye hakuniambia. Akaeleza mambo yalivyo. Mtoto hana karatasi, ameingia kwa jina la mwingine, na nje iko watoto wenye karatasi. Pengine ataanza darasa la kwanza, pengine hataanza kabisa. Angefikiri, kisha angeniletea jibu Jumatatu, kwa maandishi. "Usimpe ahadi yoyote," akasema. Jumamosi nilikwenda Mvara, nikafua, Jumapili nikaenda ibada. Ukiniuliza mahubiri yalihusu nini, sijui.

Jumatatu niliingia darasani nikasimama mbele yao mikono mitupu. Nikamwambia yule msichana, wote wakisikia, "Nimekukosea. Nilikuwa nakuita jina lisilo lako, na ukinijibu ukweli nakugombeza. Nisamehe." Watoto wa huku hawajazoea kuombwa msamaha na mwalimu. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Madamu iko mgonjwa?"

Nikafungua rejista. Kwa utaratibu wetu, mtoto ambaye karatasi zake hazijakubaliwa huandikwa kwa penseli, ili ikibidi afutwe bila kuchafua ukurasa. Nikachukua kalamu ya wino. Nikaliandika jina lake mwishoni kabisa, herufi kwa herufi, nikaanza kuita, jina la dada nikiliruka. Nikaita polepole, macho juu. Lo, kumbe nilikuwa na watoto! Kulikuwa na mwenye kovu juu ya nyusi ambalo sikuwahi kuliona. Kulikuwa na mmoja ambaye kila akisema "iko" anatabasamu kana kwamba amepewa zawadi. Ilichukua muda. Mwishowe nikafika kwake, nikaliita jina lake.

"Iko," akasema, kama wengine wote.

Nikashusha pumzi, nikafunga rejista, nikageukia ubao. Nilidhani yamekwisha. Nilipogeuka tena mkono wake ulikuwa juu.

"Madamu, na dada? Nani atamwita sasa?"

Ndipo nikaona. Nyumbani kwa shangazi jina lile halitamkwi. Mama yuko ng'ambo, Kongo. Katika dunia nzima mahali pamoja tu palikuwa na mtu wa kumwita dada yake kwa sauti, kila siku ya Mungu, na mtu huyo alikuwa mimi na ukali wangu. Na yeye kila siku alimjibia. Hakuwa ananikatalia. Alikuwa anamwombolezea dada yake ndani ya rejista yangu, na mimi nilimtolea macho siku kumi na tisa.

"Unataka nimwite?" nikauliza.

Akaitikia kwa kichwa. Nikaliita lile jina, bila rejista. Yeye na dawati lake lote wakajibu pamoja, "Haiko."

Nje kuku walikuwa wanaparura. Nikataka kusema neno la kufunga, lile ambalo walimu husema. Sikuwahi kulisema. Kutoka nyuma kabisa, mtoto mtundu kuliko wote, ambaye nilikuwa nimemfukuza nje mara ngapi, akasema, "Madamu, ita baba yangu."

Akanitajia jina. Nikaita. Darasa likajibu, "Haiko."

"Madamu, bibi yangu."

"Haiko."

"Madamu, kaka yangu. Alibaki Yei."

Hapo wakasita. Mmoja akauliza, amekufa? Hapana, hajafa, amebaki tu. Wakajadiliana wenyewe, kwa sauti ndogo, dawati kwa dawati, kama wazee wa baraza, na mimi sikuwaingilia. Wakakubaliana. Aliyekufa ajibiwe "haiko." Aliye mbali ajibiwe "haiko hapa." Nikamwita kaka aliyebaki Yei, kule Sudan Kusini, na watoto tisini wakajibu, "Haiko hapa." Mama mmoja yuko Kampala kazini: haiko hapa. Mtoto mmoja mdogo akaniomba nimwite mbwa wao, na jamani, hakuna aliyecheka. Nikamwita mbwa, nao wakamjibia. Wengine walilia. Wengine walikaa tu wamenyooka, wakingoja zamu kwa subira ambayo kwenye foleni ya uji hawana kabisa. Mikono ikawa mingi. Mihula miwili nilikuwa nimesimama mbele ya watu wote hawa, wanaoonekana na wasioonekana, nikifundisha kujumlisha.

Sijui mwalimu mkuu alikuwa amesimama mlangoni tangu lini. Nilipomwona alikuwa na karatasi ya jibu mkononi, imepigwa muhuri. Nikanyamaza. Akanionyesha kwa mkono kwamba niendelee, nami nikaita majina mawili mengine.

Kisha akasema, bila kuingia ndani, "Mwalimu, ita na mtoto wangu."

Akataja jina. Miaka minne nilikuwa nimefanya kazi chini yake, na sikujua kwamba aliwahi kuwa na mtoto. Nikaliita. Watoto wote wakageuka kwenye madawati yao wamtazame, wakamjibu taratibu, kama watu wanaomlaza mgonjwa.

"Haiko, Madamu."

Baadaye akamtafuta yule msichana kwa macho, akamwuliza anaitwa nani. Msichana akasimama, akalisema jina lake lote, na la baba yake.

"Mwalimu, umemwandika kwa penseli?"

"Kwa wino, Madamu."

Akaikunja ile karatasi, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kabisa, akaitia mfukoni.

"Haya," akasema. "Hesabu inachelewa."